Yohani Kinyala Lauwo: Mwongozaji wa Marangu na kitendawili cha mwaka 1889

MEI 10, 1996 alifariki dunia huko Marangu, mkoani Kilimanjaro, mzee ambaye, kama hesabu aliyofanyiwa ni sahihi, alikuwa na umri unaokaribia miaka 125. Jina lake ni Yohani Kinyala Lauwo. Kwa watu wa Marangu alikuwa mzee wa mlima. Kwa wageni waliokwisha kusoma habari zake alikuwa Mwafrika aliyemwongoza Mjerumani Hans Meyer mwaka 1889, safari ambayo kwa mara ya kwanza katika historia iliyoandikwa iliwafikisha binadamu kwenye kilele cha Kibo.

Maisha ya mzee huyu yana mambo mawili ambayo ni vigumu kuyatenganisha. La kwanza ni kazi yake ya kupandisha watu mlimani, kazi aliyoifanya kwa miongo mingi na ambayo hakuna anayeitilia shaka. La pili ni ule mwaka 1889, ambao hadi leo una maswali kuliko majibu.

Masimulizi yanayofahamika zaidi yanasema kwamba Kinyala alizaliwa Marangu na hakuwahi kuhama. Akiwa kijana wa miaka kama 18 hivi, alikwepa kazi ya kulazimishwa ya kutengeneza barabara. Akakamatwa na kufikishwa katika baraza la Mangi Marealle, mtawala wa Marangu, ili ahukumiwe. Siku hiyo hiyo, kwa bahati tu, walifika wageni wa Kizungu wakiomba ruhusa ya kupanda mlima pamoja na watu wa kuwaonyesha njia. Wachili, yaani washauri wa Mangi, walimtazama mtuhumiwa wakakumbuka anatoka ukoo gani. Ukoo wa Lauwo ulijulikana kwa kuufahamu msitu, kwani watu wake walikuwa wakiingia humo kurina asali na kuwinda tembo kwa ajili ya pembe. Badala ya adhabu, kijana akapewa kazi.

Ni hadithi nzuri mno, na pengine uzuri wake ndio umeisaidia kuenea. Lakini kabla ya kuipima, inafaa kuwatazama wale wageni na kile walichokuja kukifanya.

Hans Meyer alizaliwa mwaka 1858 katika familia ya wachapishaji wa vitabu wa Leipzig. Fedha hazikuwa tatizo lake. Tatizo lake lilikuwa Kibo. Alikuja mara ya kwanza mwaka 1887, akapanda hadi karibu mita 5,500, na hapo ukuta wa barafu ukamzuia. Mwaka uliofuata alirudi pamoja na Oscar Baumann wa Austria, lakini mlima hawakuufikia. Pwani ilikuwa imelipuka katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, nao wakakamatwa, wakafungwa na kuachiwa baada ya kukombolewa kwa fedha. Baumann huyo ndiye ambaye Machi 1892 aliingia katika bonde la Ngorongoro akiwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika huko, katika safari iliyopita ukanda wa kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi, ambako leo kuna wilaya ya Karatu na kata zake kama Endamarariek. Katika safari zote hizo, walioonyesha njia na kubeba mizigo walikuwa Waafrika, na katika safari zote hizo majina yao ni ya kutafuta kwa tochi.

Mwaka 1889 Meyer alibadili mbinu. Alimleta Ludwig Purtscheller, mwalimu kutoka Austria na mpanda milima hodari wa Alps. Jambo la pili, ambalo kwa maoni ya wengi ndilo lililoleta ushindi, lilikuwa kambi. Meyer aligundua kwamba Kibo haipandwi kwa mbio moja kutoka kwenye migomba. Aliweka kambi zake kwa ngazi: moja Marangu kwa Mangi Marealle, nyingine juu ya msitu, na ya mwisho kwenye uwanda mkavu ulio kati ya Kibo na Mawenzi, mita zipatazo 4,330 juu ya usawa wa bahari. Kila kambi iliwekewa akiba ya chakula, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kuijaza. Hivyo hata jaribio moja lilipokwama, wapandaji hawakulazimika kurudi chini kabisa na kuanza upya.

Umuhimu wa kambi ya namna hiyo unaeleweka vizuri zaidi leo. Katika mwinuko wa mita 4,330 hewa imepungua kiasi kwamba kila pumzi huleta takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata ufukweni. Kileleni hubaki nusu. Mwili hauwezi kuzoea hali hiyo kwa saa chache. Huhitaji siku kadhaa ili upumuaji na damu vijirekebishe. Anayeharakisha huanza na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na akipuuza anaweza kujaa maji kwenye mapafu au kuvimba ubongo na kufa. Neno pole pole, ambalo kila mtalii anayepanda Kilimanjaro hulisikia mpaka alichoke, ni dawa kabla ya kuwa adabu.

Kundi lililopanda kutoka Marangu mwishoni mwa Septemba 1889 lilikuwa na Wazungu wawili, wanyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi na kiongozi wa njia. Wengi wao hawakufika kwenye kambi ya juu kukaa. Mavazi yao yalikuwa ya mtu wa migombani au wa pwani, na baridi ya usiku katika uwanda ule huteremka chini ya nyuzi sifuri. Aliyebaki huko pamoja na Wazungu wale, siku hadi siku, alikuwa mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani. Huyu ndiye aliyepika, akatafuta kuni za vichaka na kulinda hema wakati wenzake wawili walipokuwa kwenye barafu.

Oktoba 3, usiku wa manane ukiwa umepita, Meyer na Purtscheller waliondoka kambini. Barafu ilikuwa ngumu na mteremko mkali. Purtscheller alitangulia akichonga ngazi kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine, kwa saa nyingi. Mchana walifika ukingo wa kreta na kuona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbele, upande wa kusini. Nguvu zilikuwa zimekwisha. Wakarudi. Walipumzika, wakasogea kulala pangoni karibu zaidi na barafu, na asubuhi ya Oktoba 6, wakitumia ngazi walizokwisha kuzichonga, wakafika. Purtscheller alitimiza miaka 40 siku hiyo. Meyer alichomeka bendera ya Ujerumani na kukipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Alipima urefu akapata zaidi kidogo ya mita 6,000. Vipimo vya baadaye viliushusha hadi mita 5,895.

Kwa hiyo, swali la nani alikanyaga kilele siku ile lina jibu lililo wazi. Walikuwa wawili. Masimulizi yanayosema kwamba Kinyala Lauwo alisimama juu pamoja nao Oktoba 6, na ambayo hujitokeza mara kwa mara katika vitabu vya watalii, hayaendani na maelezo ya Meyer mwenyewe. Swali lililobaki ni la namna nyingine: je, kijana huyo alikuwemo miongoni mwa wale waliolifikisha kundi hilo hadi juu ya msitu, na kutoka hapo hadi kambini?

Kwa miaka mia moja hakuna aliyeliuliza kwa sauti. Meyer alichapisha kitabu chake mwaka 1890, na ndani yake Mwini Amani anatajwa kwa shukrani. Umaarufu ukaenda Leipzig. Utawala wa Kijerumani ukajikita Kilimanjaro, na Mangi Marealle akawa miongoni mwa watawala wa Kichagga waliofaidika nao. Wataalamu wa mimea, miamba na barafu wakaja mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo, waliofika kilele chenyewe walikuwa wachache mno. Ilipita miaka 20 kabla ya watu wengine, Wajerumani Lange na Weigele, kufika pale alipofika Meyer. Hiyo ilikuwa mwaka 1909. Baadaye vikajengwa vibanda vya kulala njiani, wapandaji wakaongezeka, na Marangu ikawa kijiji ambacho kijana mwenye kifua kizuri angeweza kupata ujira kwa kubeba mzigo wa mgeni.

Hapo ndipo maisha ya kazi ya Kinyala yanapoonekana bila ukungu. Inaelezwa kwamba aliongoza wageni kwa zaidi ya miaka 70. Alianza wakati ambapo mpagazi wa Kichagga alipanda peku, na mwenyewe alikumbuka kwamba katika safari zake za mwanzo hakuwa na viatu. Msomaji wa mjini anayetaka kulielewa hilo na alijaribu kwa kufikiri tu: changarawe ya volkano, baridi inayogandisha maji kwenye kibuyu, mzigo kichwani, na mguu mtupu. Blanketi lilikuwa ndilo koti. Usiku watu walilala mapangoni wakiuzunguka moto, kama moto ulipatikana.

Kazi ya mwongozaji wa wakati huo haikuwa kuonyesha njia pekee. Ilibidi ajue maji yako wapi baada ya msitu kwisha, pango lipi linatosha watu wangapi, na ukungu wa mchana unamaanisha nini kwa usiku unaokuja. Ilibidi pia amtazame mgeni usoni na kutambua kwamba huyu leo hatafika, amrudishe, hata kama mgeni ni bwana mkubwa na mwongozaji ni mtu wa ujira mdogo. Elimu hiyo haikuwa na kitabu. Ilipokewa na vijana waliotembea nyuma ya wazee, na njia ya Marangu imejengwa juu yake hata kama vibanda vyake vimebadilika majina. Kituo cha kwanza leo ni Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, na cha pili ni Horombo, kwenye mita 3,720, yote yakiwa majina ya wamangi wa zamani. Cha mwisho ni Kibo, chenye mwinuko wa mita zaidi ya 4,700, ambacho kimechukua nafasi ya kambi ya Meyer kama mahali pa kulala kabla ya kuondoka usiku kuelekea kileleni.

Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, jina la Kaiser liliondoka na kilele kikaitwa Uhuru. Katika orodha za mashujaa wa siku hiyo Kinyala hayumo. Alikuwa mzee wa kijiji kama wazee wengine.

Alipata jina mwaka 1989. Kamati iliyoandaa sherehe za miaka 100 ya kupandwa kwa Kibo iliamua kuwatunuku vyeti vya heshima wale Waafrika waliofuatana na Meyer na Purtscheller, kwa kuamini kwamba wote walikwisha kufariki. Katika kupekua picha na kumbukumbu za safari ile, mtu mmoja alionekana kufanana na mkazi wa Marangu ambaye bado alikuwa hai. Wakamfuata nyumbani kwake.

Mahojiano hayakuwa rahisi. Mzee hakujua alizaliwa mwaka gani, jambo ambalo si ajabu kwa mtu wa kizazi chake. Hakumkumbuka Meyer wala Purtscheller. Alichokumbuka ni kupanda mlima na msafara uliokuwa na daktari mmoja mgeni aliyeishi karibu na mlima, na kwamba alikuwa amepanda mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kamati ilipima hayo ikahitimisha kwamba alikuwa katika kundi la Meyer. Na kwa kuwa ni lazima awe alikuwa kijana mwaka 1889, ikahesabu kurudi nyuma na kuuweka mwaka wake wa kuzaliwa kuwa 1871.

Maandishi ya Kiingereza yanasema kwamba mzee alimtaja daktari huyo kuwa ni Mholanzi. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusita hapo. Kwa wazee wa Tanganyika, Mdachi ni Mjerumani, na si vigumu kuona jinsi neno hilo lingeweza kubadilika kuwa Mholanzi mikononi mwa mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Kama ndivyo, daktari wa Kidachi aliyeishi karibu na mlima anaweza kuwa yeyote kati ya wataalamu wa Kijerumani waliofanya kazi Kilimanjaro kuanzia miaka ya 1890. Meyer alikuwa na shahada ya udaktari, lakini hakuwahi kuishi Kilimanjaro, alipita tu.

Ile hadithi ya barabara nayo ina kasoro. Mwaka 1889 Wajerumani walikuwa bado wanapigana pwani. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Kazi za kulazimishwa chini ya utawala wao zilikuja Kilimanjaro baadaye. Inawezekana kwamba barabara ilikuwa ya Mangi na si ya Wajerumani. Inawezekana pia kwamba kijana alikamatwa kweli, akasamehewa kweli na kupewa wageni wa kuongoza kweli, ila ilikuwa miaka kumi au zaidi baada ya Meyer kuondoka.

Halafu kuna umri. Mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa ushahidi wa vyeti ni Mfaransa Jeanne Calment, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Kama Mzee Lauwo alizaliwa mwaka 1871, basi Mei 1996 alikuwa amempita mama huyo, bila karatasi yoyote. Hesabu ya tahadhari zaidi, inayotegemea tu kauli yake ya kupanda mara tatu kabla ya mwaka 1914, inamweka katika kizazi cha miaka ya 1890 au kabla yake. Hata kwa hesabu hiyo alifariki akiwa na miaka 100 au zaidi. Ni mzee aliyezaliwa wakati wa Mangi Marealle na kufa wakati wa vyama vingi, na hapo hapahitaji kuongezwa kitu.

Kamati haistahili kulaumiwa sana. Ilikuwa ikitafuta sura ya kuweka mahali palipoachwa wazi kwa karne nzima, na sura iliyopatikana ilikuwa ya mtu wa kweli mwenye miguu iliyoujua mlima. Aliyepata hasara katika jambo hili ni mwingine kabisa. Mwini Amani wa Pangani, ambaye ushahidi wa maandishi unamweka kwenye kambi ya mita 4,330 katika siku zile zile za Oktoba 1889, mtu wa pwani aliyezoea minazi na aliyevumilia baridi ambayo wenyeji wenyewe waliikimbia, hajulikani hata katika mji wake. Picha za sherehe zilihitaji mtu aliye hai, naye alikuwa amekufa zamani.

Baada ya sherehe, mzee alipata nyumba ya kisasa huko Ashira, Marangu, na huko alimalizia siku zake. Wageni walikuja kumpiga picha. Aliwapokea. Wale waliomuuliza kuhusu mwaka 1889 walipata kile alichoweza kukikumbuka, na waliobaki walikijaza kile kilichopungua.

Wakati huo mlima wenyewe ulikuwa ukibadilika mbele ya macho ya watu wa umri wake. Wataalamu wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Mteremko ambao Purtscheller aliuchonga ngazi kwa shoka sasa watu huupanda kwenye mchanga na mawe, kwa viatu vya kawaida vya safari. Kwenye lango la Marangu, Meyer anakumbukwa, na Waafrika waliofuatana naye wanakumbukwa pia. Wapagazi hupita hapo kila asubuhi, mizigo yao ikiwa imepimwa kwenye mizani ili isizidi kilo 20 walizowekewa na sheria ya hifadhi, na wengi hawasimami kusoma, maana inawabidi wafike Mandara kabla ya wageni wao.